Nimeona, Nadhani

Sauti ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja ya Juni 2018, jua halijachomoza juu ya bwawa la Mtera, wavuvi wawili waliokuwa wakivuta nyavu walisikia mtu akigonga mbao upande wa nchi kavu. Wa kwanza akasema ni fundi anaziba mtumbwi. Wa pili akabisha: fundi gani anayepiga kwa kasi namna hiyo, kisha anachoka ghafla? Trrrrr, to, to, to. Karani wa mwalo, aliyekuwa ameomba kuvushwa ili akapime samaki ng'ambo, alinyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye mgunga uliokufa siku nyingi, umesimama ndani ya maji yaliyoufika magotini kama ng'ombe anayekunywa. Kwenye kigutu cha tawi lake la juu kabisa palikuwa na ndege mdogo kidogo kuliko njiwa, amejiegemeza kwa mkia, anapiga ngoma.

Alikuwa kigong'ota. Wengine humwita kigogota, na majina yote mawili yanatokana na kazi yake. Huyu alikuwa wa aina kubwa, mwenye mistari myeupe mgongoni, uso mweupe, baka jeusi nyuma ya jicho na mstari mweusi ulioshuka kutoka mdomoni kupitia shavuni kama ndevu za mzee asiyependa wembe. Wataalamu humwita Chloropicus namaquus. Dume ana nyekundu nyuma ya utosi. Jike pale pana weusi mtupu. Wote wawili hupiga ngoma, na ngoma yao hujulikana kwa namna inavyopunguza mwendo mwishoni, kama gari linalozimika.

Kilichofuata kilichukua msimu mzima wa kiangazi, madaftari mawili ya kurasa 96, na sehemu kubwa ya heshima ya karani mbele ya wenzake. Mtu mzima anayekaa chini ya mti saa tatu akitazama tundu hawezi kueleweka kirahisi, hasa kama hana bunduki wala manati.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa mizani. Mitumbwi ikifika, perege walipimwa, kambale walipimwa, na idadi iliandikwa kwenye daftari la mwalo. Alifundishwa kanuni moja tu siku alipoanza: samaki ambaye hajapanda mizani haandikwi. Mvuvi anaweza kuapa kwamba amegawa kilo kumi njiani, au kwamba kambale mkubwa kuliko wote amemponyoka ukingoni. Karani anatikisa kichwa kwa huruma na haandiki kitu. Alipoanza kumfuatilia kigong'ota aliichukua kanuni hiyo, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Safu ya kushoto akaiita "nimeona". Ya kulia akaiita "nadhani". Aliamini safu ya kulia itabaki tupu. Kufikia katikati ya Julai ilikuwa imejaa hadi pembezoni.

Mtera ni mahali pa aina yake kwa ndege wa matundu, na sababu yenyewe ni umeme. Bwawa lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ukuta wake ukakamilika mwaka 1980. Lengo la kwanza lilikuwa kutunza maji ya kuisaidia Kidatu, kituo cha megawati 204 kilichoko chini zaidi mtoni. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Maji yalipopanda yalifunika nyika yote ya bonde: migunga, mibuyu, vichaka. Likijaa, bwawa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600, lakini halina kina kikubwa. Usawa wa juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na likishuka hadi mita 690 mitambo haina maji ya kuizungusha. Tofauti ya mita nane na nusu, katika bonde tambarare kama hilo, ni kilomita nyingi za ardhi inayofunikwa na kufunuliwa. Watanzania waliokuwa watu wazima wakati wa mgawo wa umeme wa 2006 wanaikumbuka Mtera kwa namba hizo zilizosomwa redioni. Kigong'ota anaijua kwa jambo jingine: miti iliyozama ilikufa ikiwa imesimama, na maelfu ya mashina hayo yalibaki, meupe na makavu, yakioza taratibu kutoka ndani.

Mti uliokufa ukiwa umesimama ndio kiwanja anachotafuta. Mbao ya mti mzima ni ngumu mno. Gogo lililolala linafikiwa na kila nyoka. Shina kavu lenye ganda gumu na moyo laini linachongeka na linalinda. Hapo ndipo pia kila mpika chakula kando ya bwawa anapoona kuni. Hao wawili, ndege na mwenye jiko, wanautaka mti uleule kwa sababu ileile: ni mkavu.

Mzee mmoja wa upande wa Dodoma, mfugaji mwenye mizinga kadhaa ya nyuki juu ya mibuyu, alimkuta karani amekaa chini ya mti hai hatua thelathini kutoka kwenye shina.

"Mbukwa," akaamkia.

Karani, mtu wa upande wa Iringa ambako salamu ni "Kamwene", akaitikia kadiri alivyojua.

"Unachunga nini, mjukuu wangu?"

"Ndege, babu. Kigogota."

Mzee akatazama shina, akatazama daftari, akacheka. "Huyo ni wa ukoo wetu. Sisi Wagogo, yeye kigogota." Kuna masimulizi kwamba jina la Wagogo lilitolewa na wapagazi wa misafara ya Wanyamwezi kwa ajili ya magogo waliyoyakuta katika nchi hiyo. Mzee aliyajua, na tangu siku hiyo kila alipopita na ng'ombe aliuliza habari za shemeji yake.

Tundu lilichongwa katika wiki mbili za mwisho za Juni, kiasi cha mita tano kutoka chini, upande ambao shina liliinamia, hivyo mlango ukatazama chini kidogo na mvua isingeweza kuingia hata kama ingenyesha. Dume ndiye aliyefanya kazi kubwa. Alipotelea ndani hadi mkia, akatoka na mdomo uliojaa unga wa mbao, akautema upepo ukauchukua. Maji yalikuwa bado yanalizunguka shina, na vipande vilielea kama makapi ya mpunga. Kisha, taratibu, tope likaanza kuonekana. Julai 14, kwa mujibu wa daftari, ndege walianza kupokezana: mmoja akiingia mwingine anatoka, na mmoja hukaa ndani kwa muda mrefu pasipo kusikika. Usiku aliyelala ndani alikuwa dume, kama ilivyo kwa vigong'ota wengi duniani. Karani aliandika kushoto: "Wanapokezana." Kulia: "Mayai."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo baadaye alilisimulia bila kujitetea. Hakuridhika na neno "mayai" kukaa upande wa kulia. Alichukua kioo cha pembeni cha pikipiki, akakifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu, na saa kumi jioni siku nne baadaye akaingia kwenye tope hadi chini ya shina na kukiinua hadi mlangoni. Jike akafyatuka kama jiwe la manati, akapotelea upande wa barabara. Kwenye kioo karani aliona weusi. Hakukuwa na mwanga ndani. Ingehitajika tochi, na hata kwa tochi pembe ya kioo isingefika sakafuni. Alirudi chini ya mti wake akapima muda kwa simu. Dakika 47 tundu lilikaa bila mtu. Upepo wa kiangazi cha Dodoma ulikuwa unavuma, ule unaobeba mchanga, na yeye akahesabu kila dakika akijua kwamba mayai, kama yalikuwepo, yalikuwa yanapoa kwa sababu yake. Dume ndiye aliyerudi, akazunguka shina mara tatu kabla ya kuingia. Mwanzi ukaenda kutumika kuangulia maembe. Kioo kikarudi kwenye pikipiki.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ya kukaa na kusubiri ina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri, na sehemu kubwa yake haina majina. Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, tangu 1928 hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred walichapisha makala nyingi kuhusu uzazi wa ndege wa Afrika: siku za kuatamia, siku za makinda kukaa kiotani, mara ngapi kinda linalishwa. Ni wazi kwamba mtu mmoja hawezi kukaa chini ya viota vingi kiasi hicho kuanzia alfajiri hadi magharibi. Waliokaa walikuwa Waafrika walioajiriwa kutazama na kuandika. Jina moja limebaki likijulikana, la Salimu Asmani, aliyekuwa mkusanyaji hodari wa Moreau. Mwanahistoria Nancy Jacobs amemwandika katika kitabu chake cha 2016 kuhusu watu wa ndege barani Afrika. Wengine wamebaki ndani ya namba. Kila ukisoma kwamba ndege fulani wa Tanzania huatamia siku kadhaa, kuna mtu wa Usambara aliyeumwa na mbu ili tarakimu hiyo ipatikane. Nairobi, jumuiya ya historia ya viumbe ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1909, ilikuwa na kadi zake za kuandikia viota, na yeyote aliyewahi kuijaza moja anajua kwamba sehemu ngumu ni zile nafasi ambazo inabidi uziache wazi.

Julai 27 jike alifika na kitu mdomoni. Funza mweupe wa mbao, mnene kama kidole cha mtoto. Aliingia nacho akatoka bila nacho. Karani alisimama, akakaa, akasimama tena. Kushoto akaandika kwa herufi kubwa.

Kutoka tarehe 14 hadi 27 ni siku 13. Baadaye alikuja kusoma kwamba aina hii huatamia kwa muda wa siku 13 hivi, na furaha yake ilidumu kama dakika mbili. Tarehe 27 aliiona kwa macho. Mayai ya tarehe 14 yalikuwa yameandikwa wapi? Kulia. Hakuwahi kuona yai. Huenda kupokezana kulianza kabla ya mayai, huenda alichelewa kukugundua. Namba ilikuwa sahihi kwa bahati, au ilikuwa sahihi kweli. Daftari halikuweza kutofautisha. Hii ni aina ya uaminifu inayokera, na wahariri wengi hawaipendi. Msomaji anataka siku 13.

Makinda ya kigong'ota hutoka uchi na vipofu, na hakuna tandiko la manyoya wala majani chini yao, ni chembe za mbao zilizobaki wakati wa kuchonga. Wiki ya kwanza hakukuwa na cha kuona ila wazazi. Kuanzia ya pili shina lilianza kuimba: mlio wa kukwaruza usiokatika, kama redio isiyokamata stesheni, ambao ulipanda kila kivuli kilipopita mlangoni. Asubuhi moja ya Agosti, kuanzia saa moja hadi saa nne, karani alihesabu safari 14 za chakula, tisa za dume na tano za jike. Funza ndio wengi. Mara moja dume alileta mjusi mdogo, akampigiza kwenye gome mara kadhaa kabla ya kuingia naye. Katika kutoka, mzazi alibeba mdomoni kifuko cheupe cha kinyesi cha makinda, akakiangusha mbali. Nyumba ilifagiliwa mara nyingi kuliko nyumba ya karani.

Vijana wa mwaloni walimuuliza kwa nini kichwa hakimuumi. Ni swali zuri, na kwa miaka mingi jibu lililotolewa lilikuwa kwamba fuvu la kigong'ota lina sehemu laini inayofyonza mshtuko. Watengenezaji wa kofia za kujikinga waliipenda hadithi hiyo. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh na wenzake, wa chuo kikuu cha Antwerp, walichapisha vipimo vya video za kasi kubwa vilivyoonyesha kinyume: kichwa hakifyonzi kitu, kinapiga kikiwa kigumu kama nyundo. Nyundo yenye springi ingekuwa nyundo mbovu. Ubongo unasalimika kwa sababu ni mdogo, na kitu kidogo huvumilia kishindo ambacho kikubwa hakiwezi. Karani hakujua hayo mwaka 2018. Aliwajibu vijana kwamba Mungu amemwekea sponji, nao wakaridhika. Jibu hilo, kwa bahati nzuri, hakuliandika safu yoyote.

Mzee wa mizinga alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Alikuwa amemwona ndege wa asali akizunguka mashina yale mwezi wa saba, na alimjua vizuri kwa sababu ndiye anayemwongoza kwenye nyuki. "Huyu anakupa asali kwa mkono huu," alisema, "na kwa mkono ule anamwibia mwenzake nyumba." Alikuwa na hoja. Ndege wa asali hajengi kiota. Jike wake hutaga ndani ya matundu ya wengine, vigong'ota wakiwamo, na kinda lake huzaliwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo ambayo huitumia, likiwa bado kipofu, kuwaua makinda wenyeji gizani. Claire Spottiswoode, mtafiti aliyefanya kazi hiyo Zambia, alifanikiwa kulirekodi tendo hilo kwa kamera iliyotegwa ndani ya shimo la kiota cha kerem. Ni yuleyule aliyeshirikiana na Brian Wood kuonyesha, mwaka 2023, kwamba ndege wa asali wa nchi ya Wahadza, kule karibu na ziwa Eyasi, huitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko wanavyoitikia mwito wa Wayao wa Msumbiji. Ndege amejifunza lugha ya kwao. Mzee angeliona hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa hiyo karani akawa na hofu ndani ya daftari: kinda litakalotoka litakuwa la nani? Jibu lilikuja Agosti 12 vichwa viwili vilipojitokeza mlangoni kwa zamu, kila kimoja na mdomo mrefu ulionyooka na mstari mweusi wa ndevu unaoanza. Makinda mawili, ya wenyewe. Aliandika kushoto, akapiga mstari chini yake.

Siku tatu baadaye akaja mwewe.

Alikuwa yule wa kijivu mwenye uso mtupu wa njano, mwenye miguu mirefu isiyo na mfano. Kiungo chake cha mguu hukunjika mbele na nyuma pia, na kazi ya maumbile hayo ni moja: kuingiza mguu ndani ya matundu. Alitua juu ya shina akaning'inia, mabawa yakipiga ili asianguke, akatia mguu mlangoni hadi paja likapotea. Wazazi walipiga kelele na kumrukia kisogoni. Karani alikuwa na jiwe mkononi kabla hajajua ameliokota. Hakulirusha, mpaka leo hana hakika kama lilikuwa ni jambo la busara au ni uzito wa mwili tu. Mwewe alichomoa mguu, akautia tena, akageukia nyuma ya shina na kuondoka kwa upande wa maji, mwili wake ukificha kucha. Kama alibeba kitu, alikibeba upande usioonekana.

Kuanzia siku hiyo kilitokea kichwa kimoja tu. Kushoto: "Kinda moja." Kulia, bila kusita: "Mwewe amechukua la pili." Kwa kweli hakuna mtu ambaye asingeandika hivyo. Mzee aliposikia alisema vilevile, na wavuvi wakasema vilevile, na baada ya wiki moja hadithi ilikuwa imekomaa mwaloni: karani alimwona mwewe akiruka na kinda. Karani aliisahihisha mara ya kwanza. Mara ya pili aliiacha ipite. Mara ya tatu, alikiri mwenyewe, aliisimulia hivyo.

Lililomrudisha kwenye mstari wa katikati lilikuwa jambo dogo la Agosti 20. Kichwa chenye wekundu kilichungulia kutoka kwenye tundu saa mbili asubuhi. Akaandika kushoto, "Dume yuko ndani." Kalamu haijainuka kwenye karatasi, dume akatua kwenye shina la jirani akiwa na funza mdomoni. Kinda la kigong'ota huyu, liwe la kiume au la kike, huwa na madoadoa mekundu utosini. Jike hupoteza wekundu huo akikua. Alichokuwa ameona ni rangi nyekundu. Dume alikuwa amemwongeza mwenyewe. Akarudi nyuma kurasa zote za Agosti na kalamu mkononi, akikuta kila mahali ambapo "dume" ilimaanisha "nyekundu", na nyingi kati ya zile safari tisa za asubuhi zikapungukiwa uzito. Alipomaliza, ile ya mwewe ilikuwa bado kulia, bado imeandikwa kwa mkono usiotetemeka. Aliongeza alama ya kuuliza.

Agosti 23, siku ya 27 tangu yule funza wa kwanza, wazazi hawakuingia. Walitua na chakula kwenye shina la pili, wakaita, wakangoja. Kinda lilitoa kifua nje, likarudi, likatoa tena. Maji yalikuwa yameondoka kabisa chini yake. Palikuwa na tope lililopasuka vipande vipande, mbuzi, na mistari ya mahindi machanga ambayo watu walikuwa wamepanda wakifuata unyevu wa bwawa linalorudi nyuma. Saa tatu kasoro robo liliruka. Halikuruka vizuri. Liliteremka zaidi kuliko lilivyosonga mbele, likashika shina la pili karibu kabisa na chini, mbuzi mmoja akaligeukia kwa udadisi, kisha likaanza kupanda, kidogo kidogo, mkia ukiegemea, hadi kwa mama yake.

Wenyeji wengine walianza kupita siku hizohizo. Mtera ni nchi ya kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, ambao makao yao ya asili ni Tanzania, hasa nyanda hizi za kati, na wao hawawezi kuchonga; wanategemea matundu ya wengine. Kabla Tanzania haijasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, ndege wa jamii yao walikuwa bidhaa kubwa. Wawili walikaa mlangoni asubuhi nzima wakichungulia na kunong'onezana. Kwenzi wa kijivu, ambaye naye makao yake ni hasa Tanzania, alikuja akaingia akatoka. Jozi ya hondohondo wa Ruaha, aina iliyopewa jina lake la kisayansi mwaka 2002 tu, ilitazama mlango ikaona ni mdogo. Kwa mchonga tundu mmoja, foleni yote hiyo.

Karani alihamishiwa mwalo mwingine mwezi wa tisa. Aliporudi ilikuwa Novemba, mawingu ya kwanza yanajikusanya upande wa Mpwapwa, na mgunga wake haukuwepo. Palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa shoka, cheupe, na chembe za mbao zimetapakaa kama zile za Juni, ila kubwa zaidi.

Hakuhitaji kuuliza sana. Mama mmoja mwenye majiko ya kubanikia samaki, mita mia mbili kutoka pale, alikuwa na rundo la kuni za mgunga lililopangwa vizuri.

"Shikamoo, mama. Ule mti wa kule chini..."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa mkavu." Alisema kama mtu anayetaja jina la mti. "Kuna pande moja limekataa kuingia jikoni, lina shimo. Kuku wanalichezea."

Lilikuwa limelala nyuma ya jiko, limepasuka kwa urefu, na nusu zote mbili zilikuwepo. Karani alipiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu Juni aliweza kupima: mlango sentimita tano na nusu kwa tano, kina sentimita 31, kuta nyembamba kuliko alivyofikiri. Sakafuni palikuwa na unga wa mbao ulioganda, mabawa makavu ya mende, na kwenye pembe, chini ya unga huo, mifupa midogo sana iliyosafishwa na siafu, na fuvu lenye mdomo ulionyooka, lenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Alilitazama kwa muda. Halikuwa na ndoana.

"Umepata nini?" mama akauliza.

"La pili," alisema karani.

Alitoa daftari kwenye mfuko, akalifungua kwenye ukurasa wa Agosti 15. Kulia, juu ya maneno "mwewe amechukua la pili", akapitisha mstari mmoja mwembamba, kama wanavyofundishwa makarani, ili neno lililofutwa liendelee kusomeka. Kushoto akaandika tarehe ya Novemba, mahali, na vipimo. Njaa, joto, baridi ya zile dakika 47, ugonjwa: hakuandika hata kimoja. Kisha akachagua perege watatu waliobanikwa vizuri, mama akawafunga kwenye gazeti, na karani, kwa mazoea, akauliza uzito wao kabla ya kulipa.